Nyumba Iliyolewa

Kwetu, mtu akija kumposa binti yako humwambii asante. Unamtafutia kasoro. Mbuzi aliyeletwa utasema anachechemea hata kama ameingia akirukaruka. Pombe utasema ni maji ya kuoshea vyombo. Na siku ile ya kwenda kuona boma la kijana, siku tunayoiita ya kuona itara, yaani ule uchaga wa kuni ulio juu ya moto, watu wa upande wa msichana mnafika mmevaa vizuri, mnatembezwa jikoni, zizini, shambani, na kila mnachoonyeshwa mnakiponda. "Hili ni jiko au kizimba cha sungura?" Wenyeji nao hawanyamazi. "Ni kizimba, na binti yenu ndiye karoti!" Watu wanacheka hadi machozi, kisha mnakula, na undugu umeshaingia. Asiyejibu ndiye anayeonekana hana nia.

Nimeanza na haya ili ijulikane kwamba mila ipo, sikuitunga mimi. Lakini niseme pia kwamba nimejificha nyuma ya hiyo mila siku nyingi mno, na sasa inanichosha.

Mimi ni mtu wa Nyandarua. Kazi yangu ni kuwatunza wazee katika makao fulani huko Rockville, na nyumba yangu iko Temple Hills, ng'ambo ya pili ya jiji la Washington, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu ya Marekani nimeyatumia kwenye foleni ya magari nikibishana na redio. Mume wangu alitangulia mbele ya haki. Aliniachia binti mmoja, ambaye tulimleta hapa hata meno ya utoto hayajamtoka. Kiswahili anakisikia chote, pamoja na yale tunayonong'ona, ila ukimwongelesha anakujibu kwa Kiingereza. Alisomea unesi. Nikasema Mungu ni mwema, sasa atapata kazi hapa karibu, Bethesda au Silver Spring, aolewe na kijana wa kanisani, niletewe wajukuu Jumamosi. Ala! Msichana akachukua kandarasi ya Alaska.

"Alaska kuna nini?" nilimuuliza.

"Kuna wagonjwa, Mum."

Kumbe kulikuwa na kijana pia. Kijana wa huko huko, wa wale wenyeji wa asili, fundi wa jenereta, mpole wa sauti, kutoka kijiji kilicho kando ya mto ambako hakuna barabara ya kufika, unapanda kindege kidogo. Nilipoonyeshwa picha yake nilisema ana uso mzuri. Moyoni nilisema mengine. Nilisema: tumevuka bahari mimi na marehemu mume wangu, tumefuta matapishi ya watu miaka yote hii, ili mtoto aende kuolewa mahali pasipo na barabara? Hata kwetu barabara ipo! Lakini sikulitamka. Watu kama mimi hatutamki, tunasubiri nafasi.

Binti yangu ananijua. Alinipigia simu akaniambia hivi, na alisema taratibu ili nisije nikadai sikusikia: "Baba yake amekubali tufanye kila kitu kwa mila yenu. Anauliza maswali kila siku, anataka asikosee. Nakuomba kitu kimoja tu. Usiwaaibishe. Ukiwaaibisha, tutafunga ndoa huku peke yetu, na harusi ya mtoto wako utaiona kwenye picha."

Si mtoto wa kutisha watu bure. Hilo amelirithi kwangu.

Kwa kuwa hakuna aliyeweza kusafiri, tukapanga itara ionekane kwa video, Jumamosi mchana, sebuleni kwangu. Alikuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, kutoka Springfield. Yeye ndiye msemaji wetu, na alichelewa kama kawaida, akailaumu barabara kama kawaida. Walikuja akina mama wa kanisani na sufuria zao. Na alikuja jirani yangu, mama wa Kitanga, Mwislamu, ambaye tumeishi ukuta kwa ukuta tangu nihamie, na aliyeleta sahani ya vitumbua vya moto. Tukaunganisha simu na televisheni, tukajipanga kwenye makochi.

Akatokea mzee. Mfupi, kifua kipana, nywele zimechanwa kwa maji. Binti yangu alisimama kando yake, na kijana ndiye aliyeshika simu. Mzee akajikohoza, akasema, kwa Kiswahili, neno moja moja: "Karibuni. Nyumbani. Kwetu." Alikuwa amefundishwa, na ilionekana amelirudia mara nyingi. Sebule nzima ikapiga vigelegele. Nami nilipiga. Nakumbuka kwamba nilipiga.

Akatutembeza. Alituonyesha banda la kukaushia samaki, samoni wekundu wamening'inia kama nguo kwenye kamba, na hapo alisimama muda mrefu kwa sababu banda hilo analionea fahari. Alituonyesha nyavu, mashua, pikipiki ya theluji, mto. Shemeji akaanza mchezo vizuri, kwa upole: "Samaki tumewaona, mzee, lakini mbona wote wako uchi?" Mzee akacheka. Akajibu kwamba hata mvuvi mwenyewe mara nyingine hufika nyumbani akiwa hivyo. Tukafurahi sana. Tukasema, eh, huyu mtu anaijua kazi.

Kisha akageuka kutuonyesha nyumba.

Nyumba ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya nguzo fupi, na upande mmoja ulikuwa umezama. Si kidogo. Mstari wa paa ulikuwa umeinama kabisa. Ndani, mlango ulikuwa umekatwa mshazari ili ufungike, na jiko lilikuwa limewekewa vipande vya mbao chini ya miguu miwili ili chungu kisimwage. Nje ya dirisha, miti nayo ilikuwa imelala huku na huku. Mzee hakuficha chochote. Alipita chumba kwa chumba akieleza nani analala wapi, na chumba kipi watapewa maharusi wakija kutembea.

Nami nikaona nafasi yangu. Sikusubiri msemaji. Nikasema kwa Kiingereza, makusudi, ili asihitaji wa kumtafsiria: "Mzee, hii nyumba imelewa. Na kwetu mlevi hapewi binti."

Sebule iliangua kicheko. Mama mmoja alishika ubavu. Mwingine akapiga kelele, "Hata miti imelewa! Huko wanakunywa nini?" Vicheko vikaongezeka.

Mzee alitazama ukuta wa nyumba yake, kama mtu aliyeambiwa mbele za watu kwamba shati lake lina doa. Halafu akasema, "Ni ardhi. Ardhi yetu inayeyuka."

"Ardhi inayeyuka?" nikasema. "Kwani ni siagi?"

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao. Mzee alingoja tumalize. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Nitaitengeneza." Binti yangu akatazama moja kwa moja kwenye kamera, akanyoosha mkono kwenye simu, na televisheni ikawa nyeusi.

Akina mama walidhani ni mtandao. Wakaanza kupakua chakula. Jirani yangu pekee ndiye hakuwa amecheka. Alinivuta kando, akaniambia, "Mwenzangu, wale ni watani zenu?"

"Ni mila yetu," nikamwambia.

"Hata sisi tuna utani, bibie. Lakini utani una watani wake. Mtu anajua ukimtukana naye atakutukana. Wale ni wakwe. Yule baba umemwambia nyumba yake haifai, naye kasikia hivyo hivyo."

"Wewe hujui mambo yetu, tuachie."

"Haya," akasema, "samahani." Akavaa viatu vyake akaenda zake, vitumbua vyake hata havijaisha.

Usiku ule nilijitetea kwa maneno mengi, na nikaendelea kujitetea wiki zilizofuata. Nilisema ni mchezo. Nilisema angejibu, tungecheka, yangeisha. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyeniuliza na mimi ndiye ninayelijua. Nilipoiona ile nyumba imeinama, nilifurahi. Nilikuwa nimetafuta kasoro tangu siku ya kwanza nilipoona picha ya kijana, na hapo ikaja mbele yangu, kubwa, ya mbao, haina pa kujificha. Mdomo ulicheza mchezo wa kwetu. Roho haikuwa ikicheza. Nilitaka mzee ajisikie mdogo, na nilitaka binti yangu amwone akijisikia mdogo. Naona haya kuliandika hili hata sasa.

Simu zangu hazikupokewa. Kanisani maneno yangu yakageuka msemo. Keki ikiinama, utasikia, "Hii imelewa, haipewi binti." Nilicheka nao kila mara. Kuhusu ardhi kuyeyuka, sikuamini hata chembe. Mimi nimekulia kwenye baridi. Kwetu Julai umande unaganda juu ya majani ya viazi, unayachoma, lakini jua likitoka kidogo tu umekwisha, na udongo uko pale pale. Nilisema fundi mbaya asisingizie ardhi.

Ndipo binti yangu akapiga simu, mchana, nikiwa kazini.

"Baba yake yuko hospitalini kwetu," akasema. "Nimetoka kumwona."

Alinieleza bila kupandisha sauti. Nyumba zile hunyooshwa kila mara kwa jeki. Wanaume kadhaa huingia chini, huinua upande uliozama, huongeza magogo na vipande vya mbao juu ya nguzo, hushusha. Lakini hungoja baridi ianze, udongo wa juu ukazwe tena na barafu. Mwaka huu mzee hakungoja, na hakutaka kuomba watu. Aliingia peke yake. Aliweka jeki mahali ambapo ameiweka miaka yote, na mahali pale palikuwa pameshakuwa tope chini. Jeki ikazama, boriti ikashuka juu ya mkono wake wa kulia. Vidole viwili havikuokoka.

"Kwa nini hakungoja?" nikauliza. Swali la kijinga. Nilikuwa nalijua jibu kabla sijafunga mdomo.

"Alitaka iwe imenyooka kabla hujaiona tena. Nilikwenda kumchukua kwa ndege ya wagonjwa, na njia nzima alikuwa akiniuliza, mama yako atakubali kuitazama mara ya pili?"

Niliingia kwenye chumba cha mashuka nikajifungia. Kwetu tumezoea kuwaambia watoto, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Haya. Ulimi niliojikwaa ni wangu, na vidole vikaenda vya mtu mwingine, mvuvi, anayeshona nyavu. Nilisikia aibu kama ya mtoto aliyejichafua darasani. Kengele ya mgonjwa ililia na sikuweza kutoka. Mwenzangu wa shifti akaenda badala yangu.

Nilipompigia tena jioni nilimwambia, "Mpe simu nimwombe msamaha. Nimwambie ulikuwa utani tu."

"Usithubutu," akasema. Ni mara ya kwanza na ya mwisho mtoto wangu kuniambia neno hilo. "Anakuja Washington. Yeye na wenzake wawili wanakuja kuzungumza na wakubwa, kijiji kisaidiwe kuhamia juu kwenye mwamba. Nitamsindikiza. Anasema lazima aje kwako. Utakachomwambia siku hiyo, Mum, ndicho kitakachonionyesha kama nikualike harusini au la. Fikiria vizuri."

Basi nikamwomba anieleze hiyo ardhi. Ilikuwa ni kuchelewa, lakini nilimwomba. Akaniambia, fikiria friza imejaa nyama, halafu umeme ukatike. Nyama ikiwa imeganda unaweza kusimama juu yake. Ikiyeyuka inalegea na kuacha dimbwi. Ndivyo ilivyo huko. Chini ya nyasi, udongo umeshikana na barafu tangu kabla ya mababu wa mababu zao, mgumu kama zege, na watu wakajenga juu yake kwa sababu hakukuwa na sababu ya kutojenga. Sasa joto limeongezeka, barafu inageuka maji, na pale ilipokuwa barafu nyingi panabonyea zaidi ya jirani yake. Nyumba moja inaweza kuwa na kona iliyoshuka na kona iliyobaki juu. Mabomba ya maji yanapasuka. Uwanja wa ndege una mawimbi. Ukingo wa mto unamegeka vipande vipande, na makaburi yaliyokuwa mbali na mto sasa yako karibu. Bibi yake kijana walimfukua, wakamzika upya kilimani.

"Na ile nyumba," akasema, "aliijenga mwenyewe, mwaka alipozaliwa mume wangu mtarajiwa. Ilikuwa imenyooka. Ameinyoosha kila mwaka tangu ilipoanza kuinama. Wewe uliiona siku moja."

Nilikwenda kwa jirani yangu nikiwa na sahani yake. Sikuzunguka. Nikamwambia ulisema kweli nami nikakujibu kwa kiburi, nisamehe. Akanitazama, akasema, "Yamekwisha, ingia ndani unywe chai," kisha akaniuliza nitampikia nini mgeni. Lakini nilipomweleza kuhusu vidole aliweka kikombe chini, na hakuwa na neno la kunifariji. Nilimshukuru kwa hilo.

Shemeji yangu yeye alikuwa na dawa tayari. "Tutachinja mbuzi wa kusafisha," akasema. "Nitasimama kama msemaji, nitaomba radhi kwa niaba ya ukoo, nitaeleza kwamba yale yalikuwa masihara ya posa. Atacheka, yataisha." Nilikubali. Nilifurahi hata, kwa sababu atakayesema si mimi.

Siku ikafika. Ilikuwa Oktoba, siku ya jua, watu wa Temple Hills bado wanatembea na mashati ya mikono mifupi, na mzee akashuka kwenye teksi na koti lake kubwa la baridi, bendeji nyeupe ikichungulia kwenye mkono. Binti yangu alimfungulia mlango. Mimi binti alinikumbatia, lakini kwa mkono mmoja tu.

Mzee alikuwa mfupi kuliko kwenye televisheni. Alisema, "Karibuni," kisha akagundua kwamba yeye ndiye mgeni, akacheka mwenyewe. Nilitamani ardhi ya Temple Hills nayo ilegee inimeze. Nikamvua koti, nikamketisha kwenye kochi zuri. Tulikuwa wachache: sisi watatu, shemeji, na jirani yangu aliyepika wali wa nazi. Mbuzi aliletwa mezani, na binti yangu akamkatia mzee nyama vipande vidogo, bila kuombwa. Nilitazama sahani yangu.

Shemeji akamuuliza mkutano umekwendaje.

"Walisikiliza," mzee akasema. "Walikuwa na adabu. Mmoja aliuliza kwa nini hatuhami tu." Akatafuna. "Nikamwambia, ardhi ndiyo inayohama. Sisi tumekaa." Halafu akasema wameahidiwa kujibiwa, na akaomba aongezewe wali.

Vyombo vilipotolewa, shemeji akajikohoza, akafunga kifungo cha koti, akasimama. Mzee akainua mkono wake mzima.

"Kabla hujasema," akasema, "nina kitu cha kuwaonyesha. Ndicho kilichonileta."

Akatoa simu kwa mkono wa kushoto, ambao bado hakuwa ameuzoea, akahangaika nayo kidogo, wala hakukubali kusaidiwa. Akanipa mimi. Ilikuwa picha ya nyumba. Paa lilikuwa limenyooka. Mstari wa madirisha ulikuwa umenyooka. Mbele yake vijana walikuwa wamesimama na matope hadi magotini, wanatabasamu.

"Vijana wa kijijini walimalizia nikiwa hospitalini," akasema. "Sitakudanganya, haitabaki hivyo. Ardhi bado inakwenda. Mwakani itabidi tuinyooshe tena, kama bado hatujahama. Lakini sasa hivi imesimama." Akanitazama usoni. "Ulisema kwenu mlevi hapewi binti. Huyu hajalewa tena. Nimekuja kuuliza kama mtatupa."

Hakuwa na tabasamu. Hakuwa anarudisha utani. Alikuwa amelichukua neno langu kuwa sheria ya watu wangu, neno zito la wazee, akaenda kulitimiza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini binti yangu aliniambia nisithubutu. Nikimwambia ulikuwa mchezo, basi vidole vyake vimekwenda kwa ajili ya mchezo, na atarudi kijijini akijua kwamba sebule nzima ya watu ilikuwa inajichekesha naye akaingia chini ya nyumba. Nikimwambia nilimaanisha, basi mimi ndiye yule mwanamke niliyemjua ndani ya chumba cha mashuka. Msamaha niliouandaa ulikuwa wa kunipunguzia mzigo mimi. Yeye ungemwongezea.

Shemeji, maskini, akafungua mdomo. "Mzee wetu, yale maneno yalikuwa..."

Nikamkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa kisigino, na bado ananidai maelezo. Akaketi.

Nikaishika ile simu kwa mikono miwili, nikaitazama picha muda mrefu, kama inavyotakiwa kutazamwa. Nikauliza nguzo ni za mti gani. Akaniambia. Nikauliza maharusi watalala upande gani, akanyoosha kidole akanionyesha dirisha. Kisha nikasimama, nikasema kwa Kiingereza changu, "Tumeiona nyumba. Imesimama. Aliyeijenga ni fundi. Binti yetu ni wenu, na ninyi ni watu wetu."

Mzee akavuta pumzi, akaiachia yote. Akafuta macho kwa ile bendeji. Jirani yangu akapiga kigelegele kimoja, chembamba, cha kwao pwani, na shemeji akafuata kwa makofi huku akisugua mguu.

Binti yangu alikuwa ananitazama tangu nilipopokea simu. Yeye anaijua mila. Alijua nilichosema siku ile na nilichokuwa nacho moyoni, na alijua nilichokimeza sasa. Alikuja jikoni nilipokuwa najifanya natafuta vijiko. Akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili chake kibovu ambacho sijakisikia tangu akiwa mdogo, "Harusi ni Juni. Wewe kuja. Wewe kuleta viatu ya matope." Kisha akanikumbatia kwa mikono yote miwili, nami nikalia kwenye bega lake kwa sauti ya chini ili sebuleni wasisikie.

Ningependa kusema kwamba hapo aibu iliisha. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, si ndiyo? Nimealikwa harusini. Teksi ikaja, nikamletea mzee koti lake. Akaingiza mkono wa kushoto, nami nikamsaidia ule wa bendeji, polepole, kama ninavyofanya na wazee wangu kila siku. Zipu hakuweza kuifunga. Nikapiga magoti kuikamata chini.

"Asante," akasema juu ya kichwa changu. "Nilitaka nikuambie hili uso kwa uso. Siku ile wengine walicheka. Wewe uliniambia ukweli. Mtu asiyekujali hakuambii ukweli kuhusu nyumba yako."

Nimefunga zipu za wazee wasiohesabika. Hiyo ilinishinda. Meno ya zipu hayakukutana, nikajaribu tena, yakateleza tena, na sikuweza kuinua uso. Yeye akasimama ametulia, hana haraka, ameuinua ule mkono wa bendeji pembeni ili usinizuie kuona.